Kabla ya Edison na Swan mwekeni Sprengel

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya nani alivumbua balbu, pamoja na barua za wasomaji zilizofuata, naona mmeshagawanyika timu mbili, timu ya Thomas Edison wa Marekani na timu ya Joseph Swan wa Uingereza, kila moja ikisema mwenzake kaiba, utadhani hakuna mwingine aliyewahi kushika waya. Mi nina jina la tatu, Hermann Sprengel, aliyetengeneza pampu ya kutoa hewa kwenye kioo, na sijaona hata mmoja wenu aliyemtaja.

Jamani, kazi haikuwa kufanya kitu king'ae kwa umeme. Hilo mwanasayansi Mwingereza Humphry Davy alishalionyesha mwanzoni kabisa mwa karne ya 19 kwa kipande cha platinamu. Kazi ilikuwa kuiondoa hewa. Uzi wa kaboni, ule unaong'aa ndani ya balbu, ukishapata moto mkali halafu humo ndani kuna oksijeni, unaungua unakwisha, basi, umebaki na kioo cheusi. Swan alianza kuhangaika na karatasi iliyochomwa ikawa kaboni tangu miaka ya 1850, mwanga aliupata ila haukai, maana pampu za wakati ule zilikuwa zinabakiza hewa nyingi mno kwenye kioo, akachoka akaiweka pembeni kwa miaka mingi tu.

Sasa 1865 huyu Sprengel, Mjerumani aliyekuwa anaishi London, akaja na pampu ya zebaki. Zebaki inadondoka tone kwa tone kwenye bomba jembamba la kioo, kila tone linakamata hewa kidogo mbele yake linaishusha nayo mpaka nje, ikijaa chini unairudisha juu unaanza tena, masaa na masaa, mpaka kwenye kioo kunabaki karibu hakuna kitu (na mvuke wa zebaki ni sumu, sijui afya za wale mafundi ziliishia wapi). Ni pole pole kweli lakini hakuna pampu ya kabla yake iliyokuwa inafika huko.

Ndo hapo mambo yakafunguka. Swan akarudi kwenye kazi yake akishirikiana na Charles Stearn aliyekuwa anaijua vizuri hiyo pampu, na Februari 1879 akawaonyesha watu wa Newcastle taa inayowaka. Mwaka huohuo, Oktoba, Edison na vijana wake kule Menlo Park, maabara yake Marekani, nao wakapata uzi uliowaka zaidi ya masaa 13, na wao pia walikuwa wanatumia pampu ya Sprengel waliyoiunganisha na nyingine. Watu wawili, ng'ambo mbili za bahari, mwaka mmoja, mnasema huyu kamwibia yule wakati wote wawili walikuwa wanasubiri kifaa kilekile!

Simnyimi Edison chake. Yeye alitaka uzi mwembamba wenye ukinzani mkubwa, yaani unaoubana umeme usipite mwingi, ili taa nyingi ziwake bila kutumia nyaya nene za shaba ambazo zingemfilisi, wakati taa za mwanzo za Swan zilikuwa na kijiti kinene kinachokula umeme mwingi. Na Septemba 1882 akawasha kituo cha Pearl Street, New York, jenereta, nyaya, mita, kila kitu. Hiyo mpeni, ni kubwa kuliko balbu yenyewe. Na hao wa "Edison mwizi" wajue kwamba 1883 yeye na Swan waliunganisha kampuni zao Uingereza wakauza taa pamoja, kwa hiyo ugomvi mnaopigana wenyewe walishaumaliza.

Ninachoomba ni kwamba mkirudia hii mada mchapishe mchoro wa ile pampu, hata mdogo, na jina la Sprengel liwe juu ya hayo mengine mawili. Nafasi ikibaki kuna Ludwig Boehm, yule fundi aliyekuwa anampulizia Edison vioo, huyo naye hatajwi, ila habari zake nitawaandikia siku nyingine maana hii imeshakuwa ndefu.

Ni mimi msomaji wenu.