Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti wa umoja wa wazazi: ukaguzi tumepita, na ile hela ya ukumbi

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu, habari za majukumu. Mahafali ya form four mlikuwepo, uji wa watoto umeendelea, misiba tumechangia, hayo mnayajua sitarudia.

Kubwa la mwaka huu ni kwamba wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule wa serikali, wametukubali. Shule yetu imepata daraja la vizuri, mkuu wa shule aliponipigia nilikuwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenye dagaa zangu nikashangilia kwa sauti. Walimu hongereni sana, mmepambana. Ila wazazi mjue hawa watu hawaangalii ufundishaji tu, wanaangalia na uongozi, mazingira na usalama wa watoto, na jamii inashirikije na shule. Hapo kwenye mazingira na jamii ndo sisi, na ripoti imevitaja vyoo vya wasichana na maji. Imevitaja kabisa.

Sasa niliseme hili maana maneno kwenye grupu kuhusu hela ya ukumbi yamezidi. Ni kweli hela ilichangwa kwa ajili ya ukumbi, na ni kweli kamati chini yangu ilipeleka milioni 6 na laki 8 kwenye matundu manne ya vyoo, simtanki mbili na mifereji ya kuvuna maji ya mvua. Hatukukurupuka. Kikao kiliitishwa, tangazo mliliona, kati ya wanachama 214 wakaja 31, na hao ndo waliopitisha. Aliyebaki nyumbani leo anauliza nani alimtuma mwenyekiti!

Mlitaka tufanyeje? Bomba likikata linakata wiki nzima, ziwa liko pale chini, mabinti wetu wanashuka na ndoo wanasimama majini mpaka magotini. Sisi watu wa ziwani kichocho tunakijua, vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini vinapenya ngozi, hata usipoyanywa hayo maji unaugua. Watoto wanapewa dawa shuleni halafu tuwarudishe majini kulekule? Na binti akiwa kwenye siku zake, hakuna maji, choo hakina mlango, anabaki nyumbani, kina mama humu mnajua. Ukumbi unaweza kusubiri, hilo haliwezi. Nililisimamia mwenyewe, fundi nilimtafuta mwenyewe, na risiti zote ziko kwa mhazini, anayetaka aje azisome, sijala hata mia.

Ada ya uanachama sasa. Ni 20,000 kwa mwaka, waliolipa ni 87, yaani milioni 1 na laki 7 na 40,000 basi. Kwa kweli inaniuma. Elimu bila ada iliyoanza 2016 haikusema mzazi akae pembeni. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango na sisi hatutakubali hilo litokee, lakini wewe mtu mzima ulijaza fomu ya uanachama kwa hiari yako, sasa unakwama wapi? Wanaolaumu sana kuhusu ukumbi wengi majina yao hayapo kwenye daftari.

Mwakani Mungu akijalia msingi wa ukumbi uanze, tuone pia kuhusu taa za sola kwa ajili ya prepo, watoto kujisomea jioni, na uzio upande wa ziwani kama wadau watatushika mkono. Mkutano mkuu ni Jumamosi hapo hapo shuleni, mhazini atakuwa mezani kuanzia saa 3 asubuhi, anapokea ada hata nusu.