Tukienda Meksiko, tutashukia Veracruz

Mhariri,

Kila nikifungua kurasa zenu za utalii na kukuta Meksiko imeandikwa, naikuta Cancún tu. Picha huwa ni ileile: maji ya samawati, mchanga mweupe, mwavuli wa makuti. Kuhusu Veracruz, mji wa bandari wa huko huko Meksiko, sijapata kusoma hata mstari mmoja, nami nina sababu ya kuutafuta mstari huo. Chama chetu cha akina mama sita, watatu wa Majengo na watatu wa Umoja, kimekuwa kikiweka akiba miaka mitatu sasa ili twende likizo Veracruz.

Nilifundisha Kiswahili na historia katika shule za upili kwa miaka 31, mingi yake hapa hapa Eastlands, na sasa nimestaafu. Chama chetu kilianza kama vyama vingine vyote vya mtaani, cha kununuliana sufuria na kusaidiana karo. Watoto walipomaliza shule, mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote tunamwita Shangazi, alisema pesa zisirudi tena jikoni. Tukaanza kuweka shilingi 5,000 kila mmoja kwa mwezi. Mmoja wetu anauza mboga, mwingine anashona sare za shule, kwa hiyo naomba msomaji aelewe uzito wa hizo elfu tano.

Mwaka jana tulimwendea wakala mmoja wa safari katikati ya jiji. Kabla hatujakaa vizuri, alikwisha kutuwekea mezani kijitabu cha Cancún: siku saba ndani ya hoteli moja, chakula na vinywaji humo humo, na utepe wa mkononi wa kuonyesha kwamba umelipa. Nikamwambia sisi tunataka Veracruz. Akajibu kwamba huko hakuna ufuo wa maana, ila akaahidi kututafutia njia, nasi tukampa arbuni. Tiketi alizotushikia zilipitia Marekani. Hakutuambia kwamba Mkenya anayebadilisha ndege Marekani, hata kama ni kwa saa mbili bila kutoka nje ya uwanja, ni lazima awe na viza ya Marekani. Jambo hilo tulilijua kwa kusoma wenyewe, siku ya malipo ikiwa imekaribia. Tiketi zikafutwa, na arbuni haikurudi yote. Yule mama wa mboga hakulalamika, alinyamaza tu, na kimya chake ndicho kilichoniuma zaidi.

Kwa hiyo niandike hapa yale ambayo ningependa mtu angetuandikia mapema, kwa Kiswahili, katika gazeti kama lako. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Meksiko, nayo huombwa katika ubalozi wa Meksiko hapa Nairobi. Hutakwenda kuhangaika nchi jirani. Lakini ukiwa tayari una viza halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au ya Schengen, yaani ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Meksiko inakupokea kwa utalii bila viza yake. Asiye na viza ya Marekani atafute njia ya kupitia Ulaya au Istanbul, na aulize masharti ya kila uwanja atakaotua kabla ya kutoa hata shilingi moja. Jingine dogo ambalo lingeweza kumtia mtu hasara: Meksiko huandika bei za peso kwa alama ileile ya dola. Ukiona sahani ya samaki imeandikwa 200 kwa alama hiyo, ni peso. Peso moja kwa sasa ni kama shilingi 7.

Sasa nirudi kwa lile neno la wakala, kwamba Veracruz haina ufuo wa maana. Ni kweli kwamba mchanga wa Veracruz ni wa kijivu na maji yake hayana rangi ya Cancún. Lakini mchanga mweupe tunao Diani na Watamu, na treni inatupeleka Mombasa kwa siku moja. Cancún yenyewe ni mji uliobuniwa na serikali na kuanza kujengwa 1970, mahali palipokuwa na watu wachache sana. Sioni kwa nini mama wa Majengo avuke bahari ili akalale katika mji ulio mdogo kuliko yeye kwa umri, azungukwe na ukuta wa hoteli, kisha arudi bila kusalimiana na mwenyeji.

Veracruz ilianzishwa na Mhispania Hernán Cortés mwaka 1519. Mbele ya bandari yake kuna ngome iitwayo San Juan de Ulúa, iliyoanza kujengwa 1535, miaka 58 kabla ya Fort Jesus yetu. Nimewapeleka wanafunzi Fort Jesus mara nyingi, nikawaambia waguse ukuta ili wajue matumbawe yalivyokuwa yakikatwa na kujengewa. Ukuta wa Ulúa nao ni wa mawe ya matumbawe. Wala mfanano hauishii kwenye mawe. Kuanzia 1580 hadi 1640 Ureno ilikuwa chini ya mfalme wa Uhispania, kwa hiyo mwaka 1593, Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa, bahari yetu na bahari ya Veracruz zilikuwa zikitawaliwa kwa jina la mtu mmoja, Felipe wa Pili. Na kwa kuwa Wareno ndio waliokuwa Luanda, Angola, wafanyabiashara wao ndio waliopewa mkataba wa kupeleka watumwa katika makoloni ya Wahispania, na watu wengi kutoka Angola na Kongo wakateremshwa Veracruz. Katika miaka yote ya ukoloni Waafrika zaidi ya laki moja walipelekwa Meksiko, na Veracruz ndiyo iliyokuwa lango lao kuu.

Hawakutoka pwani yetu, na sitaki kumdanganya mtu. Lakini Kikongo na Kimbundu ni lugha za Kibantu, ndugu wa Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili hawezi kupita Veracruz masikio yakiwa yamezibwa. Jioni, chini ya matao ya uwanja mkuu, wapiga muziki huzunguka meza za wateja wakiwa na chombo cha vibao vya mbao. Watu wa huko wanakiita marimba, kama tunavyokiita sisi. Kusini kidogo, Boca del Río, kuna ufuo uitwao Mocambo. Neno hilo lilitoka katika lugha za Kibantu, na katika nchi za Amerika lilitumika kwa makazi ya watumwa waliotoroka. Watu huoga baharini pale kila Jumapili. Nataka na mimi niingize miguu yangu katika maji yale nikiwa najua jina lake lilikotoka.

Tena yuko Yanga. Huyu alikuwa mtumwa aliyetorokea milimani na wenzake, wakaishi huko miaka mingi wakilima na kuvamia misafara iliyopita katika barabara ya Veracruz. Mwaka 1609 Wahispania waliondoka mji wa Puebla na jeshi kwenda kumtoa, wasifaulu kuwamaliza watu wake, na hatimaye wakakubali wawe na mji wao huru. Mji huo bado upo karibu na Córdoba, na tangu 1932 unaitwa Yanga kwa heshima yake. Sanamu yake imesimama pale. Nilifundisha historia miaka 31, na mtaala haukunidai hata mara moja nilitaje jina lile. Nililijua baada ya kustaafu, na usiku ule nilimpigia Shangazi simu saa nne, nikamwamsha.

Serikali ya Meksiko iliwatambua watu wenye asili ya Afrika katika katiba mwaka 2019, na sensa ya 2020 ikawahesabu zaidi ya milioni 2.5. Hao ni watu, Mhariri, si magofu, na tunakwenda kuwasalimia.

Kuhusu tarehe, tulikaribia kukosea. Mshonaji wetu alikuwa na kitabu cha zamani cha wasafiri kilichosema tamasha kubwa la Veracruz, Carnaval, hufanywa kabla ya Kwaresima, akashikilia twende Februari. Kumbe mwaka 2022 lilihamishiwa mwisho wa Juni. Na Juni ndiyo mvua zinaanza, pamoja na msimu wa vimbunga unaoendelea hadi Novemba. Miezi ya baridi nayo ina upepo mkali wanaouita norte, ambao unaweza kuvuma hadi bandari ikafungwa. Wiki ya Pasaka Wameksiko wenyewe hujaa ufukweni na vyumba hupanda bei. Tulikaa na kalenda sakafuni kwa mshonaji hadi chai ikapoa. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi, basi tumekubaliana kwenda katikati ya Aprili, umati ukishapungua na kabla ya mvua.

Kutoka mji mkuu wa Meksiko tutachukua basi la mchana. Safari ni ya saa tano au sita, ikiteremka kutoka nyanda zilizo juu kuliko Nairobi hadi usawa wa bahari, na kukiwa hakuna mawingu mlima Orizaba huonekana, mita 5,636, mrefu kuliko Mlima Kenya. Mwanangu ana wasiwasi kuhusu magenge, na hana kosa, kwa sababu nchi ile ina taabu hiyo. Nimemwahidi kwamba hatutasafiri usiku na kwamba tutatumia teksi za kituoni pekee.

Wawili kati yetu ni Waislamu. Maharage ya Meksiko mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, jambo ambalo kijitabu cha wakala hakikutaja. Lakini Veracruz ni mji wa samaki, na kuna wali wao wenye mchuzi, uliojaa kamba na kaa, uitwao arroz a la tumbada. Asubuhi kuna mkahawa mkongwe ambapo unaletewa kahawa kidogo ndani ya glasi, unaigonga kwa kijiko, na mhudumu anakuja kukumiminia maziwa moto kutoka juu. Na jioni kadhaa za wiki wazee hukutana uwanjani kucheza danzón, muziki uliotoka Cuba, wanaume na wanawake wa umri wetu, wamevaa vizuri, wakienda taratibu. Shangazi ana miaka 71. Tangu nimweleze hilo, ameshanunua viatu.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba mwandishi wenu atakayeandika tena kuhusu Meksiko autaje mji huu, na aeleze viza na njia za ndege kwa Kiswahili kabla ya kueleza rangi ya maji. Na kama kuna msomaji aliyewahi kufika Veracruz au Yanga, namsihi aandike kupitia ukurasa huu. Tunahitaji pia kujua kama basi la kutoka mji mkuu linaweza kutushusha Córdoba na mizigo yetu, tulale pale usiku mmoja, kisha tuendelee baharini kesho yake.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi