Safari za Paulo zilianzia Antiokia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikera Jumapili iliyopita hapa Moshi, pale mwalimu wa semina, akichora ubaoni safari tatu za Mtume Paulo, alipoanzisha mishale yote Yerusalemu. Mzee aliyeketi kando yangu alifungua Biblia yake iliyojalidiwa kwa gazeti, akaweka kidole kwenye Matendo ya Mitume sura ya 13, akanyamaza kwa adabu. Mimi kunyamaza kumenishinda.

Kanisa lililowawekea mikono Barnaba na Sauli (ndiye Paulo) na kuwatuma lilikuwa la Antiokia ya Shamu, mji wa kando ya mto Orontes, ambao leo ni Antakya nchini Uturuki na ambao tetemeko la Februari 2023 liliubomoa vibaya. Kutoka hapo waliteremkia bandari ya Seleukia, wakapanda merikebu kwenda Kipro. (Antiokia ya Pisidia, waliyoifikia baadaye, ni mji mwingine, wengi huichanganya.) Ni Antiokia hiyo ya Shamu ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, na ambako watu wa Kipro, na wa Kirene iliyoko Afrika ya Kaskazini, walianza kuwahubiria Wayunani. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Lukio wa Kirene. Kwetu sisi tuliozoea kusimuliwa kwamba Waafrika walikuwa wapokeaji tu wa Injili, jina hilo si dogo.

Waandaaji wa semina hiyo wairekebishe ramani kabla ya kipindi kijacho.

Msomaji wako,
Moshi