Barua kwa vijana wanaochora kidijitali na kutunga gemu

Wanangu,

Nawasalimu nyote mnaochora kwenye skrini na kutunga gemu, mlio Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko. Mimi nimezeeka nikichora kwa kalamu na wino, na kazi zenu nazifuatilia kwa furaha. Mkono mnao. Rangi mnazijua kuliko tulivyozijua sisi. Kinachonikosesha raha ni kwamba naona mabango mazuri ya gemu zinazokuja, na gemu zenyewe hazifiki. Na zile chache zinazokamilika, baadhi huwa zimekwisha kuwa mali ya mtu mwingine. Nawaomba mambo mawili: malizeni kazi, na ibaki yenu.

Mchoraji hunaswa na kipaji chake mwenyewe. Anamchora mhusika, anampenda, anamrekebisha macho, anambadilishia mavazi. Mwaka unakwisha ana mhusika wa kupendeza na hana gemu. Mtazameni Lucas Pope. Aliacha ajira katika kampuni kubwa ya gemu Marekani, akahamia Japani, akatunga Papers, Please, iliyotoka 2013. Mchezo wote ni afisa wa mpakani anayekagua pasipoti kwenye dawati moja. Nyuso ni za rangi chache zilizofifia, na foleni ya wasafiri ni vivuli tu. Iliyofuata, Return of the Obra Dinn ya 2018, aliichora kwa rangi mbili. Si kwamba alishindwa kupamba. Alipima kile ambacho mtu mmoja anaweza kukimaliza, kisha uchache huo akaufanya ndio uzuri wa kazi. Nani kati yenu aliyepanga foleni Namanga au Tunduma asiijue hadithi hiyo? Mngeweza kuitunga ninyi.

Najua mtanitajia Eric Barone wa Seattle, aliyekaa zaidi ya miaka minne akitengeneza gemu ya Stardew Valley peke yake, picha, muziki na programu, hadi ilipotoka Februari 2016. Ni kweli, na namheshimu sana. Lakini isimulieni yote. Miaka hiyo alikuwa na kibarua cha kuwaonyesha watu viti katika ukumbi wa maonyesho, na mwenzi wake alikuwa akifanya kazi ili nyumba iende. Kwa hiyo usiache kazi ya kuchora nembo na kadi za harusi kwa sababu una wazo. Kibarua kinacholipa kodi ya chumba si aibu kwa msanii. Na gemu ya kwanza isiwe ya miaka minne. Iwe ya kuchezwa dakika kumi, yenye mwanzo na mwisho, mtu asiyekujua aicheze hadi mwisho mbele yako nawe umenyamaza.

Vifaa visiwe kisingizio. Programu ya kutungia gemu Godot, ya kuundia picha za pande tatu Blender, na ya kuchorea Krita, zote ni za bure. Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alinunuliwa kompyuta na mama yake aliyeweka akiba ya dola 300 kwa miaka mitatu, na alikuwa akitembea masaa kwenda kuichaji. Humo ndimo alimojifunzia kutunga gemu yake ya amani, Salaam.

Sasa fedha, maana wengi hamzipigii hesabu. Kuweka gemu Steam, duka la gemu la mtandaoni, kunagharimu dola 100, na duka huchukua asilimia 30 ya mauzo. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo katika mauzo ya huko fungu lako hukatwa asilimia 30 nyingine. Gemu ya dola 10 ikinunuliwa na Mmarekani, duka linachukua 3, kodi inakula 2.10, unabaki na 4.90. Itch.io, duka jingine la mtandaoni, hukuachia uamue mwenyewe fungu la duka, ingawa wanunuzi wake ni wachache zaidi. Fanyeni hesabu hii kabla ya kupanga bei, na kabla ya kumwahidi rafiki nusu ya mapato.

Linaloniuma zaidi ni mikataba. Wakenya, sheria yenu ya hakimiliki inasema kazi uliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Maana yake ukinyamaza umeshatoa. Mhusika uliyemchorea tangazo anaweza kugeuzwa katuni, fulana na gemu, nawe usidai chochote. Kwa hiyo mkubaliane kwa maandishi kabla ya mchoro wa kwanza: mteja anapewa ruhusa ya kutumia picha hizi, kwa kazi hii, kwa muda huu, na hakimiliki inabaki kwa mchoraji. Mteja akikataa, pandisha bei, kwa sababu sasa ananunua kitu kikubwa zaidi. Barone alipata mchapishaji wa kumsaidia kuuza, lakini gemu ilibaki yake, ndiyo maana baadaye aliweza kuichukua na kuichapisha mwenyewe.

Andikisheni kazi zenu kwenye ofisi za hakimiliki: walio Kenya KECOBO, walio Tanzania COSOTA. Hifadhini faili za awali zenye tarehe, pamoja na michoro ya penseli. Na mkiletewa mkataba jioni mkaambiwa msaini kabla ya asubuhi, usiku huo msisaini.

Mzee wenu