Kaka amenisomesha uhasibu, mi moyo uko kwenye gemu, nishaurini

Habari za kazi mshauri, naomba unisome mpaka mwisho maana hili jambo nyumbani siwezi kulisema lote.

Mi ni binti wa miaka 26, naishi Tanga kwa kaka yangu mkubwa na wifi. Nna diploma ya uhasibu, ada alilipa kaka, na sahivi ni karani kwenye kampuni moja ya mizigo, mshahara sio mkubwa ila unaingia kila mwezi na bima ipo, na humo humo ndo namtumia mama Pangani. Usiku watoto wakishalala nafungua laptopu natengeneza gemu. Natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu ni ya bure kabisa, haina leseni ya kulipia, na inakubali hata kwenye mashine ya kawaida kama yangu, nimejifunza kwa video za YouTube na bando la usiku.

Gemu yangu kubwa ni ya bao, bao lenyewe la kiswahili, mashimo 32 kete 64, sio lile la mistari miwili lililojaa kwenye simu. Marehemu babu ndo alinifundisha. Kuchora ubao wala sio shida, shida ni kumfundisha kompyuta acheze, kwa sababu kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unaendelea, ukila unasambaza tena, mkono mmoja unaweza kuugeuza ubao wote, kwa hiyo kompyuta inabidi ifuate kila mzunguko mpaka unapolala, yaani kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, ndo iamue icheze wapi. Halafu kunamua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi, kuna sheria zake, mtaji, hatua ya pili kete za mkononi zikiisha, una zake, nyumba, lile shimo maalumu, nayo ina zake. Niliwapelekea wazee wa barazani kwetu wakaicheza, wakasema inajua kunamua ila ikifika mtaji inacheza kitoto, nikarudi nikaitengeneza upya, sasa hivi kuna mzee inamfunga na kila akiniona ananidai mechi. Furaha ile ofisini sijawahi kuipata hata siku moja.

Sasa studio moja ndogo ya Nairobi wameiona hiyo kazi wakanitafuta. Wananipa mkataba wa miezi mitatu, nafanyia huku huku nyumbani, ila ni kutwa nzima na hela ni kama nusu ya mshahara wangu, na baada ya hapo hawaahidi kitu. Nilimuuliza bosi kama naweza kupewa likizo bila malipo akakataa, kwa hiyo nikienda nimeacha kazi.

Rafiki zangu wananiambia nijilipue, wananitolea mfano wa Eric Barone aliyetengeneza gemu ya Stardew Valley peke yake zaidi ya miaka minne mpaka ikatoka 2016 na akatajirika. Ni kweli, lakini miaka hiyo mpenzi wake ndo alikuwa anashikilia nyumba, mi kuna mtu ananisubiri nimtumie hela ya dawa. Na hizi kazi huko kwenye makampuni makubwa nasoma habari zake, Januari 2024 Microsoft walitangaza kupunguza watu 1,900 upande wa gemu, mwezi uliofuata Sony nao kama 900, wale wote wana uzoefu na wako sokoni wanatafuta kazi hizi hizi.

Kuuza mwenyewe nako nimepiga mahesabu, hapo uhasibu umenisaidia. Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unalipa dola 100 kwa kila gemu na wanakata asilimia 30 ya mauzo. Google Play kujiandikisha ni dola 25 tu, ila akaunti mpya ya mtu binafsi lazima uwe na watu 12 wa kuijaribu siku 14 mfululizo, na hao 12 kuwapata sio mchezo, ndugu wanasema sawa halafu wanaifuta kwenye simu.

Kwa hiyo nipo katikati. Nikibaki, gemu itaendelea kuwa ya usiku nikiwa nimechoka na sijui lini tena studio itanitafuta. Nikienda napata jina na watu wa kunifundisha, kitu ambacho peke yangu sikipati, mi naamini hiyo ndo faida kubwa kuliko hata hela. Akiba niliyonayo inaweza kufidia ile nusu ya mshahara kwa miezi hiyo mitatu na ya mama isikatike, ila baada ya hapo sina kitu.

Kinachoniumiza zaidi ni kaka. Hajawahi kunigombeza, ila anajua ni mchezo tu wa kupoteza muda, na juzi alikuwa anawaambia wageni kwa fahari kuwa mdogo wake ni mhasibu. Wifi anajua yote na yuko upande wangu. Studio wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Niende au nibaki? Na kama ni kwenda, kaka nimwambie mwenyewe uso kwa uso, au nimtangulize wifi, au niende kwanza kwa baba mdogo ambaye kaka anamsikiliza?

Mdogo wenu, Tanga