Mauaji ya waandamanaji yasipimwe kwa idadi ya maiti peke yake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu maandamano yaliyoishia kwa risasi imeyatia kapu moja mauaji ya Amritsar (India), Sharpeville (Afrika Kusini), chuo kikuu cha Kent State (Marekani), Derry (Ireland Kaskazini) na Kisumu (Kenya), kisha ikayapanga kwa wingi wa waliokufa. Kosa la kwanza limetokana na Kiswahili chetu chenyewe. Kwetu "askari" ni polisi, ni mwanajeshi, hata mlinzi wa getini. Sharpeville, Machi 21, 1960, waliofyatua risasi ni polisi. Amritsar na Derry ni jeshi. Kent State ni Gadi ya Taifa, yaani wanajeshi wa akiba, ya jimbo la Ohio. Mwanajeshi hufunzwa kumkabili adui kwa bunduki ya vita. Ukimpeleka mbele ya raia, ana vifaa vichache mno vya kutumia kabla ya kuua.

Idadi ya maiti nayo inaficha mengi. Tazameni risasi, muda, umbali na njia za kutokea. Amritsar, Aprili 13, 1919, Jenerali Dyer, kamanda wa Kiingereza, aliwapanga wapigaji 50 ndani ya Jallianwala Bagh, uwanja uliozungukwa na kuta. Walipiga risasi 1,650 kwa dakika kama 10. Gawanyeni: kila mmoja 33, yaani tatu na ushee kwa dakika, kwa bunduki ambayo mpigaji aliyeiva aliweza kufyatua 15 kwa dakika. Hao hawakupaparika. Walilenga, wakajaza, wakalenga tena. Serikali ilihesabu wafu 379. Wahindi wakataja zaidi ya 1,000. Na magari mawili ya deraya yenye rashasha yalibaki nje kwa sababu tu uchochoro ulikuwa mwembamba!

Kent State, Mei 4, 1970, mambo ni kinyume: wapigaji 28, risasi zipatazo 67, sekunde 13. Waliokufa wanne walikuwa umbali wa mita 80 hadi 120. Anayeujua uwanja wa CCM Kirumba asimame goli moja atazame la pili, kisha aniambie ni jiwe gani la mwanafunzi lingemtisha mtu mwenye bunduki kutoka huko. Wawili kati yao walikuwa wakienda darasani.

Derry, Januari 30, 1972, kwa risasi za wanajeshi wa Uingereza walikufa 13 siku ile na wa 14 baadaye. Tume ya Jaji Widgery ilimaliza kazi kwa wiki 11 hivi, ikaegemea maelezo ya wanajeshi. Ya Saville, iliyoundwa 1998, ilikuja kutoa ripoti 2010: hakuna aliyepigwa risasi akiwa tishio kwa maisha ya mtu. Kilichobadilika ni maswali, si maiti.

Tuje kwa majirani zetu wa ziwa hili. Kisumu, Oktoba 25, 1969, walinzi wa Rais Kenyatta na polisi waliupiga risasi umati kwenye ufunguzi wa hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Serikali ilitangaza wafu 11, wenyeji wanataja wengi zaidi, nanyi mkaandika namba mkaishia hapo. Waliokuwa na miaka 15 siku ile wamepita 70. Mwandishi wenu akivuka Sirari, awaulize risasi zilitoka upande gani, zilidumu kwa muda gani, msafara ulikuwa umesimama au unatembea, na watu walikimbilia wapi.

Msomaji,
Nyakato, Mwanza