Barua ya wazi kwa Seneta wetu: mikono miwili, vibali vitatu

Kwa Mheshimiwa Seneta wa wilaya yetu,
Bunge la Jimbo la Minnesota, Saint Paul.

Machi 2024

KUH: LESENI MOJA YA JIMBO KWA WAKANDAJI NA WATABIBU WA MIKONO WA KIASIA

Mheshimiwa, nakusalimu kwa heshima zote.

Nakala ya Kiingereza niliiacha kwa karani wako Jumatatu. Hii ya Kiswahili ni ya majirani zangu, ambao nao ni wapiga kura wako, na ambao kila tukikutana harusini au matangani wananiuliza kazi yangu ina matatizo gani.

Alhamisi iliyopita, saa nane mchana, nilikuwa nimepiga magoti mkekani. Mteja wangu ni bibi wa Kihmong, jamii ya Asia ya Kusini-Mashariki, anayekaribia miaka themanini. Alikuwa amelala kifudifudi na nguo zake zote, maana shiatsu, ukandaji wa Kijapani wa kubonyeza kwa vidole, haimvui mtu wala haitumii mafuta. Kidole gumba nimekikandamiza chini ya bega lake la kushoto, pale panapomkaba, na pumzi yake ndiyo kwanza inaanza kutulia. Mlango ukafunguliwa. Afisa wa mji akaingia na askari, akataka kibali. Nikampa. Akakisoma, akakigeuza, akasema hiki ni cha mji wa pili. Ni kweli, ni cha mji wa pili. Ukivuka barabara moja yenye taa umeshafika huko. Cha mji huu nilikuwa nimekiomba na kukilipia, na ilikuwa wiki ya sita nakisubiri. Yule bibi aliinuka akitafuta viatu vyake, mikono inamtetemeka, akamwambia mjukuu wake jambo kwa lugha yao. Nilipowasindikiza nje mjukuu akanieleza: anauliza kama amefanya kosa.

Faini nitailipa. Swali la yule bibi ndilo linaloninyima usingizi.

Nina miaka kumi na mmoja katika kazi hii hapa Minnesota. Nafanya kazi miji mitatu, kwa sababu wateja wangu ni wazee na siwezi kuwaambia wanifuate. Kwa hiyo nina fomu tatu, ada tatu, na mara tatu nimebonyeza vidole vyangu ili wahakikishe mimi si mhalifu. Vidole ni vilevile, Mheshimiwa. Mji mmoja uliniuliza anwani zote nilizowahi kuishi. Mwingine ulinipanga dirisha moja na wenye baa. Na simu yangu bado inalia usiku, wanaume wananiuliza bei ya mambo ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu neno masaji katika jimbo hili halina mwenyewe wa kulilinda.

Naomba nikukumbushe unachokijua. Wisconsin ina leseni ya wakandaji. Iowa ina leseni. Dakota Kusini ina leseni, na Dakota Kaskazini imekuwa nayo tangu 1959, na inadai saa 750 za masomo. Majirani zetu wote wanne! Hapa kwetu, anayepaka kucha rangi anasoma saa 350 na kupewa leseni ya jimbo, mtaalamu wa urembo wa nywele, ngozi na kucha saa 1,550. Mimi ninayeshika shingo ya mtu aliyetoka kupasuliwa, jimbo halijui hata jina langu. Tunalo lile fungu la sheria la 146A, lililopitishwa mwaka 2000, linalotutaka tumpe mteja karatasi ya haki zake, na Idara ya Afya ina ofisi ya kupokea malalamiko. Hiyo siibezi. Lakini hakuna mtihani, hakuna saa za masomo, hakuna orodha. Mpaka mtu aumizwe na alalamike, ndipo jimbo lijue kwamba mkandaji yupo.

Na wapo wasiolalamika. Mwaka jana mama mmoja alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti dakika ishirini bila kukubali kulala. Hatimaye akaniambia alichofanyiwa na mwanamume katika mji mwingine. Jina alilolitaja nililijua. Mji wa kwanza ulikuwa umemnyang'anya kibali, tulisikia sote tulio kazini. Yeye akahama mji, akajaza fomu mpya, akafungua chumba kipya. Nadhani fomu haikumuuliza, au aliulizwa akadanganya. Siku ile sikumkanda yule mama. Nilimshika mikono tu mpaka akaweza kuendesha gari.

Mheshimiwa, kungekuwa na leseni moja ya jimbo, ikishachukuliwa imechukuliwa, angehamia wapi?

Kazi hii kwetu ni ya heshima. Bibi yangu, Kibokoni, Mombasa, alikuwa anakanda wazazi kwa maji ya moto siku arobaini, na kusinga maharusi kwa liwa. Hakuwa na karatasi, lakini mtaa mzima ulijua mkono wake, na angemuumiza mtu angejulikana kabla ya magharibi. Huku mtaa haunijui. Karatasi ndiyo mtaa wangu.

Oktoba 2022 ulikuja kwenye ukumbi wetu kuomba kura. Ulikula biriani, ukanisifu, nikakueleza haya haya. Ukanishika bega ukasema, "Hili ni jambo dogo, tutalimaliza kikao cha kwanza." Nililiamini. Niliwapigia simu watu wengi nikiwaambia huyu ni mtu wa kweli. Kikao cha kwanza kimepita. Barua zangu tatu hazijajibiwa.

Najua muswada wa namna hii umefika Saint Paul zaidi ya mara moja miaka iliyopita. Kwa nini unakwama, mimi nabahatisha. Labda wapo wanaoogopa serikali kuingilia tiba za asili. Labda miji haitaki kupoteza ada. Labda ni kwa sababu wengi wetu ni wanawake, na wengi ni wageni.

Wenzangu wa Kiasia wana hofu nyingine, na ni ya haki. Baada ya Machi 2021, wanawake sita wa Kiasia walipouawa kwa risasi katika spa za Atlanta na viunga vyake, mwalimu wangu wa tui na, yaani ukandaji wa Kichina, alifunga mlango miezi miwili. Anaogopa kwamba leseni itakuwa sababu nyingine ya askari kumgongea. Mtihani unaotumika majimbo mengi unafanywa kwa Kiingereza au Kihispania, na yeye anajua mwili wa binadamu kwa Kichina. Japani shiatsu ina mafunzo ya miaka mitatu na mtihani wa taifa. Haiwezi kuwekwa kwenye sheria kama tawi dogo la kukanda kwa mafuta. Kwa hiyo iandikwe kwa jina lake, wenye miaka mingi kazini watambuliwe, na mtihani uwepo kwa lugha zao. Leseni itoke Idara ya Afya, si dirisha la baa. Ada iwe moja. Alama za vidole mara moja.

Na kama yote hayo ni mengi, naomba moja. Bunge linafunga Mei, na muswada usiopita kabla ya hapo unakufa, tunaanza upya Januari 2025. Usiuache muswada wetu wa leseni ufe kamatini kimya kimya. Upigiwe kura. Hata ukishindwa, ushindwe kwa majina, tuyasome.

Yule bibi wa Kihmong amekataa kurudi. Nimempigia mjukuu mara mbili. Bega lake bado linamkaba, na mimi nimekatazwa kumfuata nyumbani, maana nyumba yake iko upande huu wa taa za barabarani, ambako kibali sina. Upigiwe kura, Mheshimiwa.

Wako kwa heshima,
Mkandaji, mpiga kura wa wilaya yako